Mausi Isiyo na Gololi

Kompyuta za zamani zilikuwa na tabia za kamati. Hazifungui kikao mpaka wajumbe wote wawepo ukumbini, hata yule ambaye tangu asubuhi hadi jioni hataulizwa neno. Ukiiwasha bila kibodi, inapiga mlio wa hasira, inaandika kwa herufi nyeupe juu ya kioo cheusi kwamba kibodi ina hitilafu au haipo kabisa, kisha inakuelekeza ubonyeze F1 ili uendelee.

F1 iko kwenye kibodi.

Mzee mmoja mstaafu, aliyekuwa benchini pale steshenari kwangu akingoja nimchapie barua ya kufuatilia mafao yake, aliniona nacheka peke yangu akataka kujua kuna nini. Nikamsomea yale maandishi kwa Kiswahili. Hakucheka. "Hapo pana kichekesho gani?" akaniuliza. "Mimi nimeambiwa nipeleke barua kuthibitisha kwamba niliajiriwa, na asaini bosi aliyeniajiri. Bosi mwenyewe tulimzika tukiwa bado kazini, na jeneza nililibeba mimi." Akarudi kwenye benchi lake, nami nikarudi kutafuta kibodi.

Nisiwaonee waliozitengeneza mashine zile, maana walijua. Kwenye mipangilio ya ndani, ile unayoifungua kabla mashine haijaamka sawasawa, mara nyingi kulikuwa na mstari wa kuchagua igome kwa kosa lipi: kosa lolote, kosa lolote isipokuwa la kibodi, au isigome kabisa. Lile chaguo la katikati liliwafaa wenye mashine zinazofungiwa kabatini kwenye vyumba vya baridi, zinazohudumia watu mchana na usiku bila mkono wa mtu kuzigusa. Unachagua mara moja, unachomoa kibodi, unafunga kabati, mashine inaishi kwa amani. Ila kuufikia mstari huo kulihitaji kibodi.

Hata hivyo kwa upande wa kibodi walikuwa na huruma. Kwenye mausi ndiko nilikoonja ukali wao.

Steshenari yangu ilikuwa jirani na stendi ya daladala ya Jamatini, miaka ile Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kilipoanza kumwaga wanafunzi mjini wakiwa na flashi zinaning'inia shingoni. Flashi ilikuwa inaingia kwenye kompyuta na kazi ya darasani ya kurasa kumi, inatoka na kurasa zilezile kumi, na nyuma yake inaacha ukoo mzima wa virusi. Windows ilikufa ikafufuliwa, ikafa tena ikafufuliwa, hadi kijana mmoja wa chuo akanihurumia na kuniwekea Linux. Mashine yenyewe ilikuwa mtumba uliochoka, isingeweza kubeba toleo jipya, kwa hiyo akaniwekea la zamani, ambalo hata wakati ule lilikuwa zee. Virusi vikakoma. Viliendelea kuja, lakini vilikuta nyumba ambayo lugha yake haviielewi.

Mausi iliyokuja na mashine ile ilikuwa ya gololi. Waliozaliwa na kukuta mausi za taa nyekundu hawayajui mateso haya. Tumboni mwake mlikuwa na tufe la chuma lililovikwa mpira. Ukiisukuma mausi mezani, tufe linabingirika na kuzungusha viroli viwili vyembamba, kimoja kikipima kulia na kushoto, kingine mbele na nyuma, na kutokana na hivyo kompyuta inajua mshale uende wapi. Ni ubunifu wa kupendeza kwa nchi zenye nyasi. Dodoma hupata takriban milimita 570 za mvua kwa mwaka, na karibu zote huwa zimekwisha kufikia Aprili. Miezi inayobaki upepo unaihamisha ardhi kutoka Nzuguni kwenda Kizota na kuipitisha dukani kwangu. Vumbi linagandia tufe, tufe linalikabidhi kwa viroli, viroli vinajisokotea mkanda mweusi mgumu, na mshale unakataa kwenda kulia. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza nilikuwa naifungua mausi tumbo na kukwangua viroli kwa kijiti cha meno. Watu wa kutoka Dar waliokuja kupiga fotokopi walinitazama kwa huruma, wakidhani ndiyo dini yangu.

Asubuhi moja nikafungua tumbo nikakuta tupu.

Jibu lilikuwa nje, kwenye mchanga mbele ya banda la chipsi. Mtoto wa jirani alikuwa anacheza gololi na wenzake, na mkononi alikuwa na tufe jeusi kubwa kuliko gololi yoyote iliyowahi kuonekana mtaa ule. Zito, halidundi, halivunjiki. Gololi za vioo za wenzake zilikuwa zinapigwa na kutawanyika mpaka mtaroni. Alikuwa ameshashinda gololi za mtaa mzima na sasa walikuwa wanakuja wapinzani kutoka Chang'ombe. Mama yake alipomwita na kumtaka arudishe, alilia kilio kilichonifanya mimi mwenye mausi nijione mwizi. Nikamwachia. Kusema kweli nilikuwa nimechoka na kijiti cha meno.

Mpwa wangu, aliyekuwa ananisaidia dukani, hakuiona kama hasara. Alikuwa ameshazoea kuendesha kila kitu kwa vidole: kitufe cha Tab cha kuruka kutoka hapa hadi pale, Alt cha kufungua menyu, vishale vya kushuka na kupanda. Alikuwa anachapa barua, anaisahihisha, anaitoa kwenye printa, na mausi wala haiangalii. Ila mausi yenyewe, tumbo tupu, ilibaki imechomekwa kwenye tundu lake la kijani nyuma ya sipiyu. Niliwahi kuichomoa ili kupata nafasi ya daftari la wadeni, na siku hiyo Linux ikakataa kuwasha madirisha yake.

Hapa lazima nieleze kidogo, na asiyependa mambo ya waya anivumilie. Sehemu ya Linux iliyokuwa ikichora madirisha kwenye kioo inaitwa X. Ilizaliwa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1984, na toleo lake la 11, la mwaka 1987, ndilo lililosambaa duniani. Waliouandika mfumo huo waliamini kwamba palipo na dirisha hapakosi mkono wa kuelekeza. Wakati huo yalikuwa mawazo ya kisasa sana. Douglas Engelbart alikuwa ameionyesha mausi hadharani San Francisco mwezi Desemba 1968, na ilichukua miaka mingi kabla watu wa kawaida hawajaishika. Basi X ya wakati ule ikiamka inaita majina mawili, kibodi kuu na kielekezi kikuu. Mmoja asipoitika, haianzi kwa kuchechemea. Inaandika kwamba hakuna kielekezi kikuu, kwamba vifaa vya msingi vimeshindikana, na kwamba kosa hilo ni la kifo. Kisha inakutupa kwenye kioo cheusi.

Lakini inachotaka ni kuitika tu. Mausi isiyo na tufe inaitika vizuri kabisa: umeme unaingia, kichipu chake kinasema nipo, X inaridhika, madirisha yanafunguka. Kwamba mausi hiyo haitasogeza mshale mpaka kiama, X haiulizi.

Kwa mtu wa Dodoma hilo si jambo la kushangaa. Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yahamie hapa, na mwaka huohuo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, ya kusimamia kazi hiyo. Mwaka 1976 mpango wa mji mpya ukakamilika, umechorwa na kampuni ya Toronto, Kanada, ambako sidhani kama kuna aliyewahi kukwangua vumbi kwenye mausi. Wizara zikabaki Dar es Salaam. Balozi zikabaki Dar es Salaam. Atlasi hazikuweza kungoja. Palipotakiwa jina la mji mkuu wa Tanzania, nyingi zikaandika Dodoma, na watoto wa shule huko ughaibuni wakakariri jina letu wakati sisi wenyewe tukitaka muhuri wa wizara tunapanda basi kwenda pwani. Bunge, kwa haki yake, lilikuwa linakuja na kuondoka. Mpaka Julai 2016 Rais John Magufuli alipotangaza kwamba sasa serikali inahamia kweli, na Septemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akatangulia, tulikuwa tumeitika jina zaidi ya miaka arobaini. Kodi za nyumba zilipopanda ndipo wengi tulipotambua kwamba kuitika tu kulikuwa na raha yake.

Na lipo lingine ambalo vijana wa teknolojia wakilisikia wanadhani natunga. Kompyuta ya kwanza nchini, aina ya ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye jitihada za kutia hesabu za serikali ndani ya kompyuta zikaleta hasara na mvurugiko, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Yaani mwaka mmoja tu baada ya uamuzi wa kuja Dodoma. Tukawa na mji mkuu usio na wizara, na wizara zisizoruhusiwa kuagiza kompyuta, na nchi ikawaka hivyohivyo.

Sasa kwaya.

Kwaya ya kijiji kimoja kupita Hombolo, kule kwenye bwawa na mizabibu, ilikuwa imerekodi albamu na inataka kuizindua. Kwa wasiojua, uzinduzi wa albamu ya kwaya si jambo la muziki. Ni jambo la mgeni rasmi. Muziki watu wameshausikia kanisani mwaka mzima, na mashairi wanayajua kuliko waimbaji. Kinachozinduliwa ni mfuko wa mgeni rasmi. Safari hii mfuko ulikuwa unahitajika kweli, maana kanisa lao lilikuwa na bati nusu tu; nusu ya pili, upande wa madhabahu, ilifunikwa turubai la bluu ambalo upepo ulikuwa unalipiga makofi wakati wa mahubiri. Mimi nilialikwa kuonyesha picha za kwaya wakati nyimbo zinapigwa. Laptop sina. Tukapakia sipiyu kwenye pikapu, mpwa wangu akaipakata imeviringishwa kitenge, na projekta ya kukodi nikaishika mimi mwenyewe, maana mwenye projekta alikuwa ameniambia bei yake na mimi nilikuwa nimeisikia.

Tukapokewa kwa salamu za mbukwenyi nyingi na chai. Shuka jeupe lilikuwa limeshatundikwa mbele. Jenereta ilikuwa nyuma ya ukuta inakohoa. Pilau ilikuwa imeiva, imefunikwa, na harufu yake ilikuwa inazunguka kanisa kutafuta mlango. Hakuna aliyekuwa anaruhusiwa kuigusa. Ratiba ilikuwa imechapwa, na niliichapa mimi: kuwasili kwa mgeni rasmi, sala, kwaya, risala, hotuba ya mgeni rasmi, harambee, chakula. Mgeni rasmi alikuwa mheshimiwa fulani kutoka mjini, na mgeni rasmi alikuwa njiani. Alikuwa njiani tulipofika. Alikuwa njiani tulipomaliza kufunga waya. Mshereheshaji kila akipiga simu anarudi kwenye kipaza sauti na kutangaza, kwa furaha ileile, kwamba mheshimiwa yuko njiani.

Nikawasha mashine. Maandishi yakakimbia juu ya shuka, watoto wakashangilia, wakidhani ndiyo picha. Yakasimama. Na pale, kwa herufi kubwa mbele ya waumini wote, X ikaandika kwa Kiingereza kwamba kuna kosa la kifo. Katekista, ambaye Kiingereza alikisoma, aliwageukia wazee akawatafsiria kwa sauti ya chini. Akina mama wa mstari wa mbele wakaanza kuulizana ni nani.

"Mausi iko wapi?" nikamuuliza mpwa wangu.

"Nimeiacha dukani, mjomba."

"Umeiacha!"

"Haina gololi. Haifanyi kazi yoyote."

Nilifungua mdomo nimjibu, nikaufunga. Kila neno alilosema lilikuwa kweli. Nikauliza kama kuna mtu kijijini ana mausi, na swali hilo nisingeliuliza tena. Vijana wawili walitoka mbio kwa moyo wa kusaidia, wakarudi na mtego wa panya.

Jambo jema la Linux za zamani ni kwamba zilikuwa zinakuja na vitabu vyake ndani. Huna intaneti, huna mtandao wa simu, huna fundi, lakini unaweza kukaa mbele ya kioo cheusi na kusoma ukurasa wa maelezo wa kila draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, iliyomo humo. Nikasoma. Jenereta inakohoa, pilau inanukia, mheshimiwa yuko njiani, nami nasoma maelezo ya draiva za mausi mbele ya watu, maandishi yakionekana ukutani kwa ukubwa wa mlango. Watu walikaa kimya kwa heshima. Nadhani walifikiri ni Maandiko.

Ndipo nikaikuta draiva inayoitwa void. Katika maisha yangu ya ofisini sijawahi kusoma maelezo ya kazi yaliyo manyofu namna ile. Inasema ni draiva ya bandia. Haiunganishwi na kifaa chochote. Haitoi tukio lolote, kamwe. Inaweza kusimama mahali pa kibodi, inaweza kusimama mahali pa mausi, na imetengenezwa kwa shabaha moja tu, kuiwezesha X kufanya kazi mahali ambapo kifaa hicho hakipo. Basi. Haisemi itaboresha, haisemi itashirikiana na wadau. Nimewahi kufanya kazi na watu waliokuwa void miaka yote mpaka wakastaafu, lakini hakuna aliyeandika hivyo kwenye barua ya maombi.

Nikafungua faili la mipangilio, pale palipoandikwa draiva ya mausi nikafuta, nikaandika void. Nikaiamuru X iamke. Ikaita kibodi kuu, kibodi ikaitika. Ikaita kielekezi kikuu. Hapana kitu kikaitika, kwa sauti safi. Madirisha yakafunguka juu ya shuka. Kanisa likapiga makofi, na mwalimu wa kwaya akanishika mkono kana kwamba nimemfufua mtu wake.

(Siku hizi huhitaji hata taabu hiyo. X za baadaye zinajitengenezea zenyewe kielekezi cha kufikirika zinapoamka, mausi iwepo isiwepo. Na ujanja umehamia kwingine: kuna vipande vidogo vinavyochomekwa kwenye tundu la HDMI, havina chochote ndani ila kichipu kinachoidanganya kompyuta kwamba imeunganishwa na skrini nzuri, ili mashine isiyo na skrini ichore picha zake bila manung'uniko. Windows nayo ina tabia yake: ukiwa huna mausi inaweza kuficha mshale kabisa. Ukikwama, shika Alt na Shift za kushoto ubonyeze Num Lock, ukubali itakachokuuliza, uendeshe mshale kwa namba za pembeni. Hili nalitoa bure, kwa waliosoma mpaka hapa.)

Tatizo lililobaki lilikuwa dogo. X ikiamka huuweka mshale katikati ya kioo, na void, kama ilivyoahidi, haikuusogeza. Kila picha iliyopita ilikuwa na mshale katikati. Picha ya kwaya nzima, mshale uko kwenye tumbo la mpiga gitaa. Picha ya mwalimu wa kwaya peke yake, akiwa amepanua mikono na kufumba macho kwa uchungu wa wimbo, mshale uko ndani ya pua. Ilikuwa picha anayoipenda kuliko zote na alikuwa ameomba ikae muda mrefu. Mtoto mmoja akainuka kwa mama yake, akaenda mbele, akavua kandambili na kumpiga yule mdudu kwa nguvu. Shuka likayumba, pua ya mwalimu ikayumba, mdudu akabaki palepale. Akampiga tena. Mzee wa kanisa alikuja kumtoa, na akiwa hapo naye akajaribu kidogo kwa kofia.

Wakati huo gari likasikika nje. Akina mama wakaruka na ngoma za muheme mapajani, vigelegele vikaanza, mshereheshaji akatuomba wote tusimame. Akaingia kijana mwembamba wa suti, bahasha ya kaki mkononi. Hakuwa mheshimiwa. Mheshimiwa alikuwa amebanwa na kikao cha dharura, na huyu alikuwa mwakilishi wake.

Nilitazamia watu wavunjike moyo. Wapi! Itifaki ilikuwa imepata mtu wa kumwita. Kijana akakalishwa kwenye kiti kikubwa chenye kitambaa, akavishwa skafu, akapewa maji ya chupa, na ratiba ikaanza kutembea kuanzia namba moja: kuwasili kwa mgeni rasmi. Wapishi wakafunua sufuria. Sikuwa nimewahi kuona draiva ikipakiwa haraka vile.

Risala ikasomwa. Kisha mwakilishi akafungua bahasha na kusoma hotuba ya mheshimiwa kama ilivyoandikwa. Ilianza kwa kusema ana furaha isiyo kifani kufika mwenyewe. Ikaendelea kusema kwamba wapo viongozi wenye tabia ya kutuma wawakilishi, lakini yeye hana tabia hiyo. Wazee wakaitikia kwa vichwa. Kijana alisoma bila kupepesa, na nikamheshimu; huko ndiko kufanya kazi bila kuongeza la kwako. Nilikuwa nimesimama nyuma yake kidogo, karibu na projekta, kwa hiyo niliiona karatasi yenyewe alipofika mwisho. Iliandikwa: nami, katika kuunga mkono juhudi zenu, nachangia shilingi, halafu nukta. Mstari mzima wa nukta. Aliyeiandaa hotuba alikuwa ameacha nafasi ya mheshimiwa kujaza mwenyewe.

Kijana akasoma mpaka kwenye neno shilingi, akasimama.

Kanisa likavuta pumzi. Turubai likapiga makofi, pa, pa. Akageuza karatasi nyuma, hakuna kitu. Akainua macho kutafuta msaada, na macho yakaishia kwenye turubai, kisha kwenye akina mama mia na ngoma zao, wote wakimtazama kwa upendo ambao nadhani hajawahi kutazamwa tangu aajiriwe.

"Mabati!" akasema. "Mabati yote yaliyobaki! Na misumari yake!"

Kilichofuata siwezi kukieleza kwa mpangilio. Muheme ilipigwa mpaka vumbi likapanda kwenye lenzi ya projekta. Mchungaji alimkumbatia. Mwenye jenereta aliacha jenereta yake akaja kucheza. Na mimi, kati ya vigelegele, nikaelewa kwa nini wale walioandika void walisisitiza kwamba haitoi tukio lolote, kamwe.

Pilau ikaliwa. Jua lilikuwa linashuka upande wa mjini tulipoona taa za gari lingine, kubwa zaidi. Kikao cha dharura kilikuwa kimekwisha mapema na mheshimiwa, ambaye si mtu mbaya, aliamua kuja hivyohivyo. Dereva wake alikuwa kijana mchangamfu. Kusikia habari zetu, akatoa kwenye begi la bosi mausi mpya, ya taa nyekundu, na kutuazima. Mpwa wangu akaichomeka. Taa ikawaka vizuri. Akaisukuma kulia, kushoto, akaizungusha mezani. Mshale ukabaki puani kwa mwalimu wa kwaya. X ilikuwa imeshaambiwa kielekezi chake ni nani, na haikuwa na habari na mwingine.

"Mjomba, hii ina kila kitu," akasema, "lakini haisikilizwi."

Pale mbele mheshimiwa naye alikuwa amepewa kiti cha plastiki na soda, pembeni, kwa kuwa kile kikubwa kilikuwa na mtu na hakuna aliyejua namna ya kumwinua mgeni rasmi katikati ya shughuli. Mwakilishi alikuwa ameinamia sahani yake, anauchunguza mfupa wa kuku kwa makini. Mheshimiwa akamwita mshereheshaji, akaomba dakika tano za kuwasalimu wananchi.

"Mheshimiwa, itifaki yote imeshazingatiwa," mshereheshaji akasema kwa unyenyekevu. "Mgeni rasmi ameshahutubia."

"Mgeni rasmi ni mimi."

"Ndiyo, mheshimiwa. Umehutubia vizuri sana."

Mheshimiwa akaishika soda yake bila kunywa. "Nilisema nini?"

Mshereheshaji akamtazama mchungaji. Mchungaji, daftari la ahadi likiwa kwapani, akanyoosha kidole juu, kwenye turubai.

"Yote?" akauliza mheshimiwa.

"Na misumari," akasema mchungaji.